Deni la zamani la Bodi ya Mikopo: mwongozo kamili kwa aliyeko Mtwara na Lindi, kuanzia simu ya wakala hadi hati ya kumaliza

Simu za namna hii hazina salamu ndefu. "Naongea na Mwalimu Fulani? Una deni la Bodi ya Mikopo, milioni tisa na ushee. Ofisi yetu imepewa kazi ya kulikusanya. Unalipa lini?" Aliyepigiwa yuko Nanyumbu kwenye palizi, au yuko darasani Ruangwa, au ndiyo kwanza anafungua duka lake Chikongola. Wengi huishia kwenye moja kati ya mambo mawili: wanakata simu na kuifungia ile namba, au wanapata hofu na kuahidi papo hapo kiasi ambacho hawana. Yote mawili humgharimu mtu baadaye.

Mwongozo huu ni wa mwenye deni la siku nyingi: aliyesoma chuo mwishoni mwa miaka ya 1990, au miaka ya 2000, au 2010 na kitu, akalipa kidogo au hakulipa kabisa, kisha mambo yakakaa kimya. Nimefanya kazi kwenye meza ya utumishi katika halmashauri mojawapo ya huku kusini, na kwa niliyoyaona pale nina msimamo mmoja tu. Usibishane na wakala kuhusu deni, wala usikubaliane naye, mpaka taarifa ya deni iliyotoka Bodi yenyewe iwe mkononi mwako. Mdai wako ni Bodi. Wakala ametumwa.

Hatua ya 1: Fahamu deni lako limejengwa na nini

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Lakini mikopo ilikuwepo kabla yake. Kuanzia mwaka wa masomo 1994/95 Wizara iliyosimamia elimu ya juu ndiyo iliyokuwa ikikopesha, na madeni hayo yote yalikabidhiwa Bodi. Kwa hiyo ile hoja ya "mimi nilisoma kabla ya Bodi" haikusaidii, hata ukiisema kwa sauti kubwa.

Ndani ya jumla unayotajiwa kuna vitu vya aina mbili. Cha kwanza ni fedha uliyokopeshwa hasa: ada au sehemu yake, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Cha pili ni nyongeza. Kulikuwa na gharama ya uendeshaji ya asilimia 1. Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, ambayo ndiyo iliyowaliza watu. Na kulikuwa na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kurejesha.

Siku ya Mei Mosi mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa ile asilimia 6, na utekelezaji ukaanza Julai 1, 2021. Adhabu ya asilimia 10 nayo iliondolewa mwaka huohuo. Tarehe hiyo ya Julai 1, 2021 iandike mahali, maana tutairudia. Ukiona kwenye taarifa yako kuna tozo iliyoongezwa baada ya hapo, una haki ya kuuliza imetoka wapi.

Hebu tupige hesabu ndogo uone kwa nini watu waliamini deni halipungui. Chukua deni la shilingi 6,000,000. Asilimia 6 yake ni 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kila mwezi. Aliyekuwa akilipa 30,000 kwa mwezi alikuwa anakimbia palepale aliposimama. Leo shilingi 30,000 ikiingia Bodi inapunguza deni kwa shilingi 30,000. Jambo hili linabadilisha uamuzi mwingi wa fedha, nami nashangaa ni wachache kiasi gani wanaolijua.

Hatua ya 2: Hakikisha anayekupigia ni nani

Anaweza kuwa mtumishi wa Bodi, anaweza kuwa wakala wa kukusanya madeni aliyepewa kazi, na anaweza kuwa tapeli aliyepata jina lako kwenye orodha fulani. Huwezi kuwatofautisha kwa sauti. Watofautishe kwa maswali, tena kwa upole, bila kukiri wala kukana:

"Asante kwa kupiga, kaka. Naomba jina lako kamili, jina la kampuni, na barua ya Bodi inayowapa kazi hii. Nitumieni kwa baruapepe au mniletee kwa anwani yangu. Nikishaithibitisha kwa Bodi, nitajibu kwa maandishi."

Basi. Usiongeze neno. Akikuuliza unafanya kazi wapi, mshahara wako ni kiasi gani au namba yako ya NIDA, mwambie taarifa hizo utazitoa Bodi. Mtu aliyetumwa kweli atakutumia barua. Tapeli atapandisha sauti, atakwambia gari la polisi liko njiani, au atakuja na ule wimbo tunaoufahamu: tuma kwenye namba hii, jina litatokea la fulani. Ujumbe wa namna hiyo upeleke kwenye namba 15040, ambayo imewekwa kwa ajili ya kuripoti namba za matapeli. Na ukiwa hapohapo, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana deni la mtu huwa mlango wa kuibiwa mambo mengine.

Sasa, wakala wa kweli naye ana mipaka. Anaweza kukuandikia, kukupigia, kukukumbusha, kuomba mkutane. Hana mamlaka ya kukukamata. Hana mamlaka ya kuingia nyumbani kwako kubeba jokofu. Kukamata mali kunahitaji amri ya mahakama, na anayeitekeleza ni dalali wa mahakama mwenye hati mkononi, si kijana aliyevaa fulana ya kampuni. Hata amri ikiwepo, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaviacha nje ya ukamataji vitu kama nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, vifaa vya fundi vya kufanyia kazi, na zana za mkulima. Cherehani ya fundi na jembe la mkulima havigusiki.

Kukuaibisha nako kuna mipaka. Wakala akianza kumtumia mkuu wako wa shule, majirani au kundi la WhatsApp la ukoo ujumbe wenye jina lako na kiasi cha deni, hifadhi kila kitu: picha ya skrini, tarehe, namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na iko Tume inayopokea malalamiko ya aina hiyo. Peleka malalamiko Bodi pia, kwa sababu wakala amefanya hivyo kwa jina la Bodi. Na akikuomba "hela ya faili" au "nauli ya afisa" ili jina lako liondolewe, hilo ni la TAKUKURU, namba 113, simu bure.

Lakini usichanganye mambo. Ukiletewa hati ya wito wa mahakama yenye muhuri na tarehe, hiyo usiiweke kabatini. Nenda siku iliyoandikwa. Asiyefika, kesi husikilizwa bila yeye, na hukumu ya upande mmoja ni kazi kubwa kuitengua. Kama huna uwezo wa wakili, watafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri yako inawafahamu.

Hatua ya 3: Chukua taarifa kamili ya deni, kisha isome mstari kwa mstari

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo fedha inapookolewa. Bodi inakutambua kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, pamoja na mwaka uliofanya mtihani huo. Wengi hufika dirishani na namba ya usajili ya chuo tu. Hiyo haitoshi. Andaa:

namba ya kidato cha nne na mwaka;
kitambulisho cha NIDA au namba yake;
jina la chuo, kozi, mwaka wa kuanza na wa kumaliza;
cheti cha chuo au taarifa ya matokeo;
slipu za mshahara za miezi yote uliyowahi kukatwa, hata kwa mwajiri wa zamani;
risiti zozote za malipo uliyofanya mwenyewe.

Bodi ina ofisi ya kanda Mtwara. Anzia hapo, au kwenye mfumo wake wa mtandaoni, kabla hujafikiria basi la Dar es Salaam. Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na mwaka 2024 tuliona wenyewe mvua ilivyoikata barabara maeneo ya Somanga, watu wakalala njiani. Aliyeko Liwale au Kilwa naye apige simu au aandike baruapepe kwanza, aambiwe nini kinahitajika. Kufunga safari nzima kwa sababu ya nakala moja iliyosahaulika kunauma.

Ukishapewa taarifa, kaa mahali patulivu na kalamu. Tafuta mambo haya.

Miaka. Je, miaka ya masomo iliyoandikwa ndiyo uliyosoma kweli? Aliyeahirisha mwaka kwa ugonjwa au uzazi, aliyeacha chuo muhula wa pili, aliyehama chuo: hao ndio wanaokutwa na mwaka ambao hawakuutumia. Chuo kilitakiwa kurudisha Bodi fedha ambayo mwanafunzi hakuisaini. Kama bumu, yaani fedha ya kujikimu, la muhula fulani hukulisaini kwa sababu ulikuwa umelazwa Ligula au Nyangao, lisiwe kwenye deni lako. Ushahidi ni barua ya chuo ya kuahirisha masomo. Kama huna, ofisi ya msajili wa chuo inaweza kukupatia uthibitisho.

Viwango. Mkopo wa ada ulitolewa kwa asilimia kulingana na tathmini ya uwezo wa mzazi. Ikiwa wewe ulipewa asilimia 60 na baba akauza korosho kulipa iliyobaki, taarifa isionyeshe ada nzima. Barua yako ya mkopo ya wakati ule inaonyesha asilimia, na kama imepotea, waombe Bodi nakala ya mgawanyo wa mwaka hadi mwaka.

Malipo. Hapa ndipo penye machungu zaidi. Mwajiri wa shule binafsi, kampuni ya ulinzi au mkandarasi amekukata miaka miwili, slipu zinaonyesha makato ya Bodi ya Mikopo, lakini taarifa ya Bodi haina hata senti. Sheria inamtaka mwajiri aitaarifu Bodi ndani ya siku 28 tangu amwajiri mhitimu, na awasilishe makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Ukikuta pengo, usiliache kwa aibu ya kumgusa bosi wa zamani. Orodhesha mwezi na kiasi, ambatisha slipu, peleka Bodi. Wao wana nguvu ya kumdai mwajiri, wewe huna. Kama slipu zimepotea, taarifa ya benki inaonyesha mshahara halisi ulioingia, na mkataba unaonyesha mshahara uliokubaliwa. Tofauti ya mara kwa mara inaanza kukujengea hoja.

Majina. Huku kwetu mtu anaweza kuwa Mohamedi kwenye cheti cha kidato cha nne, Mohamed kwenye NIDA, na jina la babu likaingia au likatoka. Dada zetu nao huongeza jina la mume. Malipo yanaweza kukaa kwenye akaunti isiyo na mwenyewe kwa sababu ya herufi moja. Ukiona hivyo, peleka kiapo cha jina pamoja na vyeti, uombe kumbukumbu ziunganishwe.

Nyongeza. Rudi kwenye ile tarehe. Tenganisha kiasi kilichokopwa, tozo zilizolimbikizwa kabla ya Julai 1, 2021, na chochote baada ya hapo. Omba maelezo ya kila kimoja kwa maandishi.

Hatua ya 4: Andika barua, usitegemee simu

Watu wetu hupenda kuyamaliza kwa mdomo. Kwenye deni la zamani, lililosemwa kwenye simu halipo. Barua haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Hii inatosha, badilisha yanayokuhusu:

Mkurugenzi Mtendaji,
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

K.K.: Meneja, Ofisi ya Kanda, Mtwara.

YAH: MAOMBI YA UHAKIKI WA DENI LA MKOPO

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Mimi ni mnufaika wa mkopo mwenye namba ya kidato cha nne (andika namba na mwaka), niliyesoma (chuo, kozi, miaka).

Tarehe (...) nilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa (jina la kampuni) akinidai shilingi (...). Naomba yafuatayo: kwanza, uthibitisho kama kampuni hiyo imepewa kazi hii na Bodi, pili, mchanganuo wa deni kwa kila mwaka wa masomo na kila aina ya tozo, tatu, orodha ya malipo yote yaliyopokelewa kwa jina langu.

Niko tayari kurejesha mkopo wangu mara baada ya uhakiki huu. Naambatisha nakala za (orodhesha).

Sentensi ya "niko tayari kurejesha" iache palepale. Inaonyesha nia njema, na kama shauri litafika mbali, itakusemea. Barua ipeleke kwa mkono ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, au itume kwa baruapepe ubaki na ushahidi. Wakala mtumie nakala pamoja na mstari mmoja: nimeiandikia Bodi, nasubiri majibu.

Jambo moja la kukataa katika kipindi hiki: fomu ya kukiri deni. Wakala huja nayo ikiwa imejazwa kiasi tayari, wewe unatakiwa kusaini tu. Usisaini kiasi ambacho hujakihakiki. Ukishasaini, kazi yote ya hatua ya 3 inakuwa ngumu mara mbili.

Hatua ya 5: Panga malipo kulingana na mapato yako

Kwa mwajiriwa hakuna mengi ya kupanga. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, juu kutoka asilimia 8 ya zamani. Mshahara wa msingi ukiwa 800,000, makato ni 120,000. Deni la 9,600,000 litachukua miezi 80, yaani miaka sita na miezi minane. Kiwango hicho kiko kisheria, wakala hawezi kukipunguza wala kukipandisha. Ukiona unakatwa tayari na bado wakala anapiga, mara nyingi ni kumbukumbu hazijakutana: mtumie slipu ya karibuni, peleka nyingine Bodi. Kama una mikopo ya benki na makato yanakuacha chini ya theluthi moja ya mshahara, muone afisa utumishi kabla ya mwezi unaofuata. Usisubiri mpaka mshahara uingie ukiwa umekwisha.

Kwa aliyejiajiri, sheria inataka shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi. Hapo ndipo kusini kunapotofautiana na kwingine. Fedha yetu haiji kwa mwezi. Inakuja ufuta unapouzwa katikati ya mwaka, mbaazi zinapofuata, na korosho kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa. Mtu wa Tandahimba akiahidi 100,000 kila tarehe 30, Machi na Aprili atavunja ahadi, na ahadi iliyovunjwa ndiyo chakula cha wakala.

Ushauri wangu ni kulipa mbele. Mwaka mzima ni 1,200,000. Malipo ya korosho yakiingia benki kutoka chama chako cha msingi, toa 700,000 siku hiyohiyo, kabla jamaa hawajasikia. Ufuta ukilipwa, malizia 500,000. Andika mpango huo kwenye barua kwa Bodi ukieleza kwamba mapato yako ni ya msimu, na uombe wakujibu kwa maandishi. Kama kiasi hicho hukiwezi, sema unachoweza na uanze kukilipa huku ukisubiri jibu. Mtu anayelipa 40,000 kwa miezi mfululizo ana mazungumzo tofauti kabisa na mtu aliyekaa kimya. Kama jando au unyago wa watoto uko mwaka huo, uhesabu mapema. Sherehe hazijawahi kukubali kuahirishwa kwa ajili ya Bodi.

Kuna njia mbili za kupata fedha ya haraka ambazo nazipinga kabisa. Ya kwanza ni kangomba: kuuza korosho kabla ya msimu kwa mnunuzi wa mlangoni, kwa kipimo chake na bei yake, ili umnyamazishe wakala. Ya pili ni mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, iwe ya dirishani au ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Zilizobaki halali nazo hazitoi bure. Kumbuka deni la Bodi sasa haliongezeki kwa ile asilimia 6. Ukikopa kwa riba ili ulipe deni lisilo na riba, umenunua shida mpya kwa bei ya kulipa. Hata mkopo wa kawaida wa benki kwa kazi hiyo siushauri, isipokuwa kuna nafasi ya ajira au biashara inayokutaka uwe umemaliza kabisa, na umeshapiga hesabu.

Asiye na kipato chochote aandike hivyo. Barua fupi ya hali yake, ikithibitishwa na mtendaji wa kijiji au mtaa, inaingia kwenye faili na kuonyesha kwamba hajajificha.

Mdhamini

Fomu ya mkopo ilikuwa na mdhamini, na kwa wengi wetu ni mjomba. Leo mjomba yuko Kitangari, ana miaka sabini, na simu aliyoandika kwenye fomu bado anaitumia. Wakala akikukosa wewe, atampata yeye. Mwambie mapema, kabla hajaambiwa na mtu mwingine: deni lipo, nalishughulikia, ukipigiwa usiahidi kitu, chukua jina na namba unitumie. Ukiwa na barua ya mpango wa malipo, mpatie nakala. Heshima ya mjomba haifai kukusanywa pamoja na deni.

Hatua ya 6: Lipa mahali pamoja tu

Malipo yote ya Bodi hupitia mfumo wa malipo ya Serikali, kwa ile namba tunayoiita kontroo namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Unaipata Bodi au kwenye mfumo wao, kisha unalipia benki, kwa wakala wa benki, au kwa simu: M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa. Hakuna akaunti ya kampuni ya kukusanya madeni, hakuna namba ya simu ya mtu, hakuna kumkabidhi mtu pesa taslimu kwenye mgahawa hata akiwa na kitambulisho shingoni. Kabla ya kuthibitisha, angalia jina la taasisi inayolipwa. Baada ya kulipa, hifadhi risiti kwa njia mbili: picha kwenye simu na karatasi kwenye bahasha. Risiti za mashine hufutika kwa jua la huku, kwa hiyo zitolee nakala mapema.

Wiki chache baadaye omba taarifa mpya ya deni. Malipo yasipoonekana, lalamika ukiwa na kontroo namba, tarehe na kiasi.

Hatua ya 7: Jina lako kwenye taarifa za mikopo

Wadaiwa wa Bodi wanaweza kupelekwa kwenye kampuni za taarifa za mikopo zinazosimamiwa na Benki Kuu. Creditinfo Tanzania ni mojawapo. Hii ndiyo sababu mtu anakwenda benki Masasi kuomba mkopo wa pikipiki na kuambiwa jina lake lina doa. Una haki ya kuona taarifa yako na kuipinga kama si sahihi. Muulize afisa mikopo ni kampuni gani iliyotoa taarifa hiyo, kisha andika kwao ukiambatisha majibu ya Bodi. Kulipa hakufuti doa usiku mmoja. Waombe Bodi wapeleke taarifa mpya, kisha fuatilia.

Hatua ya 8: Ukimaliza

Deni likifika sifuri, makato hayasimami yenyewe kila mara. Mwombe Bodi hati ya kumaliza mkopo, uipeleke kwa afisa utumishi au mhasibu wa mwajiri siku uliyoipata, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Angalia slipu ya mwezi unaofuata. Kama mshahara ulikuwa umeshaandaliwa ukakatwa tena, andika Bodi kuomba urejeshewe, ukiambatisha hati, slipu ya mwezi huo na namba ya akaunti yako ya benki. Mtumie mdhamini nakala ya hati. Na wakala akipiga tena, kama wengine wafanyavyo kwa kutumia orodha za zamani, mtumie picha ya hati hiyo kwa WhatsApp na nakala kwa Bodi.